Mikono ya Polikarpo

Mhandisi Gadieli Mmbando aliniletea mto. Nasema mto, wa sponji, wa kukalia, umevalishwa kitambaa chenye nembo ya kampuni yao. Akaushika mbele yangu kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka altareni.

"Ni kwa ajili ya mgongo, Mama Kiyeyeu," akasema. "Maana umri nao."

"Umri nao umefanyaje?"

Nikamwambia aukalie mwenyewe. Ndani ya Kipanga, gari letu la mashindano, msoma ramani hakalii mto. Kiti changu kimefungwa chini kabisa, nyuma kidogo ya kiti cha dereva, na kati ya makalio yangu na barabara kuna bati tu. Mbele huoni kitu, unaona magoti yako na karatasi zako. Njia unaisikia kwa makalio: hapa changarawe, hapa tope lililokauka, hapa gari limepaa. Kwa hayo unajua umefika wapi, unamsomea dereva kona inayofuata kabla hajaiona. Ukiniwekea sponji umenifumba macho.

Tulikuwa Mafinga, mwezi wa nane, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Watu walimiminika tangu asubuhi, wameshushwa na vibebeo vyao, hayo masanduku yasiyo na usukani ambayo unaingia, unataja unakokwenda, halafu unakaa kama gunia la mahindi. Tangu serikali ipige marufuku binadamu kuendesha gari, kimekua kizazi kizima cha watu wenye ndevu zao ambao hawajawahi kushika usukani. Bwana mmoja alichungulia ndani ya Kipanga akaniuliza vile vyuma vitatu miguuni ni vya nini. Klachi, breki na mafuta, nikamjibu. Akauliza kwa nini mtu mwenye miguu miwili awekewe vitatu. Hata hasira sikuipata.

Lakini lile gari lenyewe! Jamani. Lilichorwa liwe gari la maonyesho, la kupigwa picha kwenye zulia, na msanifu mmoja wa Morogoro aliyelifinyanga kwanza kwa udongo, ukubwa ule ule, akilipapasa ubavu kwa viganja mpaka mstari ukatoka alivyotaka. Pua imeshuka chini, imechongoka. Paa lake linanifika kiunoni. Milango inafunguka kwenda juu. Injini ipo katikati, nyuma ya migongo yetu, na juu yake hakuna kioo, kuna mbavu za bati zilizopangwa ili joto lipate pa kutokea. Rangi yake kijani cha kisamvu kilichoiva. Yalitengenezwa matatu tu. Moja liliungua, moja lililiwa na kutu bandarini, na hili la tatu Polikarpo Chaula alilitoa kwenye zulia akalitia kwenye vumbi la mashindano, kila mtu akamwona mwendawazimu. Akashinda nalo. Tukashinda nalo, mimi na yeye, miaka kumi na mmoja.

Kampuni ilipolichukua ikalipaka rangi upya, sawa. Ikazigandisha taa zake, zile zilizokuwa zinafunguka kama kope za mtu anayeamka, eti zinakwama. Halafu swichi ya kukata umeme, iliyokuwa upande wangu ili tukipata ajali nizime kila kitu, wakaing'oa. Niliuliza kwa nini. Wakasema inaharibu mstari wa dashibodi.

* * *

Poli alikufa kitandani, kwa figo, si kwa gari. Lakini miaka yetu yote ya mashindano alivaa glavu na viatu vyenye nyaya, kwa sababu chama cha mbio kilitaka kuchunguza ajali. Kila alivyogeuza, kila alivyokanyaga, kila alivyoachia, vilihifadhiwa, pamoja na sauti yangu nikimsomea. Kampuni ikayachukua hayo yote ikayapika ndani ya sanduku moja lililofungwa chini ya dashibodi. Wanaliita Mikono. Unaliwasha, kiti cha dereva kitupu, usukani unageuka wenyewe, pedali zinashuka na kupanda zenyewe, na gari linakwenda alivyokuwa analiendesha yeye.

Mara ya kwanza nilipoona usukani ule unacheza peke yake nilitoka nje nikatapika. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nikazoea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Walinihitaji kwa sababu Poli ndani ya vumbi alikuwa haoni, anasikiliza. Mikono nayo imejifunza hivyo hivyo. Kamera zilizopachikwa puani zinaweza kuiambia hili na lile, lakini sauti yangu ndiyo inayoamua. Walijaribu kuinakili sauti hiyo kwa mashine. Gari likaenda, ila kwa kusitasita, maana mimi nilikuwa nasoma kwa kumfuatisha mtu: akichoka naharakisha, akipandwa na mori nachelewesha kidogo. Basi wakaniomba nipande mwenyewe, siku ya onyesho, mbele ya waziri.

Asubuhi tukafanya mazoezi, njia tupu. Nikamsomea. Kona zetu tulizipa namba: moja ni kali ya kukunja shingo, sita ni ya kupita bila kuachia mafuta; mia moja ni mita za kunyooka kabla ya kona inayofuata. "Kulia nne. Mia moja. Inaruka. Kushoto tano, usikate." Loh! Alikuwa Poli mtupu. Ule mkono wa kushoto kuvuta usukani mapema kidogo, kile kisigino kugusa mafuta huku vidole vya mguu viko kwenye breki.

Kisha tukafika Kona ya Kisima, nikasoma kama ilivyokuwa siku zote: "Kulia tano, watu."

Hakuachia.

Nilisikia mgongoni injini ikiendelea kulia kwa nguvu zile zile. Gari likapita pale kwa kasi ambayo Poli hakuwahi kupita nayo hata siku moja, hata siku ile tulipokuwa tunapitwa na wote. Tulipomaliza niliinua mlango, nikavua helmeti, nikaenda moja kwa moja kwenye hema la Mmbando na vumbi langu.

"Mmemfanya nini?"

* * *

Mkazi wa Mafinga simwelezi habari ya Kona ya Kisima, lakini wengine sikilizeni. Watu wa kule hawasimami nyuma ya kamba. Wanasimama barabarani, katikati kabisa, gari likija wanapasuka kushoto na kulia, na linapopita wananyoosha mikono kugusa mkia. Ukigusa mkia mwaka wako umenyooka, ndivyo walivyoamini. Madereva wageni walikuwa wanalia machozi wakifika pale. Poli hakuwahi kulalamika. Nikisema "watu" aliachia mafuta, gari linashuka pumzi, watu wanapasuka, wanagusa, wanapiga vigelegele, ndipo anakanyaga tena. Tulipoteza mashindano mawili kwa ajili ya kona ile, akacheka tu. Na watu walijua. Kwa dereva mwingine walikuwa wanakimbia mapema. Kwa Poli walisimama mpaka mwisho, na watoto mabegani.

Mmbando akanifungulia kioo cha kompyuta yake. Kulikuwa na mstari mwekundu unapanda na kushuka.

"Haya ni mafuta, Mama. Angalia hapa. Amekanyaga mpaka mwisho, halafu ghafla anaachia. Kona yenyewe ni tano, haihitaji. Hakuna shimo. Kamera za zamani zinaonyesha vumbi tu. Tumekuta mamia ya sehemu za namna hii. Mfumo ukaona ni kelele, tukazisafisha."

"Kelele?"

"Makosa madogo ya kibinadamu. Uchovu, pengine."

"Ni watu!" Nilipiga meza yake, kikombe kikaanguka. "Hicho ulichofuta ni watu, Gadieli! Kila mahali alipoachia bila sababu palikuwa na mtu amesimama. Sababu si hiyo?"

Si mtu mbaya yule, na hilo lilinikera zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukamaliza. Akaniambia kwa upole kwamba wadhamini walitaka Poli avunje muda wake mwenyewe. Ile kasi ambayo angeifikia kama asingekuwa na makosa.

"Kwa hiyo mmemchukua mtu muungwana," nikamwambia, "mkatoa uungwana wote, mkabakiza miguu. Halafu mmebandika mabango mji mzima, *Mikono ya Poli Yenyewe*. Unajua watu watafanya nini wakisoma hivyo?"

"Kuna kamba. Kuna walinzi."

"Walinzi wenyewe wa hapa hapa Mafinga. Alfajiri nilipita pale nikawaambia wawazuie watu, wakanicheka. Wamepangiana zamu nani atagusa mkia kwanza."

"Na kamera zikiona mtu, breki inapigwa papo hapo."

"Ndani ya vumbi?"

Akainama kuokota kikombe chake.

"Nakuuliza, Mhandisi. Ndani ya vumbi?"

"Uwezekano wa tatizo ni mdogo sana," akasema, bado ameinama.

Nikamwambia arudishe walichofuta. Akasema hiyo ni kazi ya wiki nyingi, kuujenga mfumo upya, na waziri ameshakaa. Nikamwambia basi sipandi. Akasema, na nadhani hata yeye aliona aibu, kwamba nisipopanda watatumia sauti ile ya mashine. Gari litakwenda tu.

* * *

Nilimfuata Edina, binti yake Poli, nikiwa na tumaini kidogo. Yeye ndiye aliyewapa ruhusa ya kutumia mikono ya baba yake, na mwenye kutoa ndiye mwenye kurudisha. Nilimkuta nyuma ya hema anakunywa chai, amevaa koti la zamani la mashindano la baba yake, mikono imempita vidole.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Onyesho hili livunje."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Nitasimama pale pale alipokuwa anasimama mama," akasema. "Unapajua?"

"Napajua. Edina, hukunisikia?"

"Nimekusikia. Alikuwa ananinyanyua, nagusa mkia. Shangazi, mimi mkia wa lile gari nimeugusa mara nyingi kuliko nilivyougusa mkono wa baba. Alikuwa safarini siku zote. Na wewe." Hakusema kwa ubaya, ila liliniingia. "Wewe ulikuwa naye kila wiki. Mimi nilikuwa nampata pale tu, anapopita. Nilikuwa najua ameniona kwa sababu gari linapoa."

"Halitapoa leo."

"Ile ni mikono ya baba. Haiwezi kuniumiza."

"Si mikono ya baba yako! Ni mikono waliyoikata wakaiosha!"

"Wewe mwenyewe umesema uliposhuka kwamba ni yeye mtupu. Nimekusikia ukimwambia yule mpiga picha."

Ni kweli nilisema. Nilisema baada ya jaribio la kwanza, fupi, ambalo halikufika Kona ya Kisima, mdomo wangu huu. Nikamshika mkono, akajitoa taratibu, akanirekebishia kola kama mimi ndiye mtoto, akaondoka kwenda kusimama na watu wake. Nikabaki na chai yake.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Nikigoma, gari linakwenda na sauti ya mashine, na Edina amesimama katikati ya barabara. Nikipanda, nitakuwa nimewapa sauti yangu waitie muhuri kazi ile, na akifa mtu itasemekana hata mimi, Veneranda Kiyeyeu, nilikuwamo. Nikimsomea kona kali ili apunguze mwendo, atapunguza, ndiyo, lakini atageuza usukani pia, na pale Kisimani kugeuza popote ni kugeuzia watu. Swichi yangu imeng'olewa. Breki upande wangu haijawahi kuwapo. Neno "simama" sikuwahi kumsomea Poli, kwa hiyo Mikono hailijui. Kitu pekee nilichokuwa nacho ndani ya gari lile ni mdomo.

Nikarudi kwa Mmbando nikamwambia napanda. Akashukuru sana. Ningeweza kumzaba kibao.

* * *

Tuliondoka mbele ya waziri, vuvuzela zinalia, mtangazaji anapayuka kwamba Poli amerudi. Mlango ukashuka, nikabaki na injini na karatasi na kile kiti kitupu mbele yangu kidogo, kulia, mkanda umefungwa kwenye hewa.

"Kulia nne," nikasoma. "Mia moja. Inaruka."

Tukaruka. Mwili wangu ulifurahi, siwezi kudanganya. Nilimchukia kila mtu siku ile, na bado mwili ulifurahi, umri nao, mgongo nao. Sehemu ile kati ya mruko na daraja dogo hakuna dereva aliyeipita vizuri kama Poli, alikuwa analilaza gari ubavu mapema, halafu anasubiri. Mikono ikalilaza. Ikasubiri. Nikasema, "Vizuri," kama nilivyokuwa namwambia.

Niliijua njia ile kuliko nyumba yangu. Baada ya daraja dogo, matuta mawili, kisha kushoto sita, ndefu, ya kupita bila kuachia, na mwisho wake ndiyo Kona ya Kisima. Kulia kwa ile kushoto sita kuna mfereji mpana wenye udongo laini na shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Kampuni ilikuwa imelizungushia waya kuzuia watazamaji, na kabla ya kupanda nilipita nikaona halina mtu, wote wamekwenda Kisimani.

Daraja likapita chini ya makalio yangu. Tuta la kwanza.

Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumsomea Poli kona ya uongo. Niliwahi kusoma nikiwa na homa. Niliwahi kusoma siku niliyomzika mama yangu, kwa sababu aliniambia bila mimi hapandi. Alikuwa anaingia ndani ya vumbi, haoni hata pua ya gari, anakanyaga mpaka mwisho kwa sababu tu mimi nimesema njia ipo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniamini hivyo, hata mume wangu, Mungu amrehemu.

Tuta la pili.

"Kulia tano," nikasema. "Usiachie."

Njia ilikwenda kushoto. Kamera lazima ziliona. Usukani ukageuka kulia pale pale, bila kusita hata kidogo, mafuta mpaka mwisho, kama alivyokuwa anafanya kila nilipofungua mdomo. Nikapiga kelele jina lake. Waya ukakatika, pua ikaingia kwenye mfereji, dunia ikageuka juu chini mara moja na nusu.

Nilipopata akili nilikuwa naning'inia kwenye mkanda, mtulinga umevunjika, mdomoni udongo. Injini imezimika. Ile pua aliyoipapasa msanifu kwa viganja imekunjwa mpaka kwenye magurudumu, na Kipanga lingine halipo duniani. Lakini taa ya lile sanduku ilikuwa inawaka bado, na usukani unacheza kidogo: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Poli alikuwa na tabia hiyo. Akisubiri nimsomee kona inayofuata aliutikisa usukani hivyo, polepole, kwa vidole viwili.

Mmbando ndiye aliyefika kwanza, anahema. Akachungulia ndani kwa pale mlango ulipong'oka.

"Sanduku limepona?" akauliza.

Sanduku! Nilimtukana kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kihehe, mtulinga huo huo umevunjika. Watu wakaanza kumwagika kutoka Kisimani, wanakimbia ndani ya mabua, wengine wanapiga kelele kwamba bibi amechanganyikiwa, amemuua Poli mara ya pili. Edina alikuwa mbele yao wote, koti linampepea. Alipiga magoti kwenye udongo, akanifungua mkanda, akanitoa kwa makwapa. Kisha akauona usukani.

"Ulimwambia nini?"

"Kulia tano."

"Na njia inakwenda wapi?"

"Si unaiona? Kushoto."

Akageuka akaangalia kule alikotoka, ile sehemu ya barabara walipokuwa wamesimama, vumbi letu ndiyo kwanza linafika pale na kuifunika yote. Huwezi kuona mtu.

"Hakusita?"

"Hakusita, mwanangu."

Akaingiza mkono ndani, akaushika usukani. Uliendelea kucheza ndani ya kiganja chake, kushoto, kulia. Uso wake ukaharibika. Nilidhani atanigeukia mimi, na nilikuwa tayari, angenipiga nisingeinua mkono. Akamgeukia Mmbando.

"Mzime."

"Dada Edina, pole, huo ni mfumo tu unangoja maelekezo, tunaweza kuuhamishia kwenye gari lingine na—"

"Anamngoja shangazi amsomee, humwoni?" Edina alikuwa anapiga kelele sasa, kelele za Poli hasa, zile alizokuwa akiwapigia mafundi. "Mmemwambia apite juu yangu, naye hajui, bado amekaa humo anangoja! Nilitoa ruhusa, naichukua. Mzime baba yangu."

Mmbando akaingiza mkono chini ya dashibodi, na usukani ukasimama.